Mguu wa Kushoto

Kazi iliingia saa nne usiku nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya duka la M-Pesa, kwa sababu hapo ndipo mtandao hushika vizuri mtaani kwetu Bute. Maneno 1,500. Mada: giaboksi ya klachi mbili na giaboksi ya manyuali kwenye magari ya spoti, ipi bora? Muda: siku nne. Malipo: dola 30.

Nilikubali kabla sijamaliza kusoma. Sisi tunaoandikia watu mtandaoni ndivyo tunavyoishi. Ukisita dakika mbili, kazi imechukuliwa na mtu wa Manila. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeandika kuhusu magodoro ya wenye maumivu ya mgongo, chakula cha paka wazee, na namna ya kuchagua boti ya kuvulia samaki ziwani. Sijawahi kufuga paka. Boti nimeziona Mombasa, kwa mbali. Gari la spoti lingenishinda nini?

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Nilikuwa na miaka 24 na sikujua kuendesha gari la aina yoyote.

Kulikuwa na lingine kubwa zaidi, nalo nitalifikia.

*

Nianze na gari, maana ndilo nililolipwa kulieleza.

Gari la manyuali lina pedali tatu. Ya kushoto ni klachi, na kazi yake ni kutenganisha injini na magurudumu kwa muda. Ukiikanyaga, injini inazunguka peke yake na gari linaenda kwa kasi iliyobaki tu. Katika pengo hilo unatoa gia hii, unaingiza ile, kisha unaachilia mguu na vitu viwili vinakutana tena. Ukiachilia haraka, gari linaruka kama mbuzi halafu linazima. Ukichelewa, klachi inasuguana na kuungua, na harufu yake haisahauliki.

Giaboksi ya klachi mbili iliundwa kuliondoa pengo hilo. Ndani yake kuna klachi mbili na mihimili miwili, mmoja umepita ndani ya mwingine. Klachi moja inashughulika na namba moja, tatu na tano. Nyingine na mbili, nne na sita. Ukiwa namba mbili na unaongeza mwendo, kompyuta imeshakisia kwamba utataka tatu na imeiweka tayari. Wakati ukifika, klachi moja inaachia huku nyingine ikishika, na magurudumu karibu hayahisi kama kuna kitu kimebadilika. Yote hayo ni sehemu ndogo ya sekunde. Pedali zimebaki mbili.

Mwenye wazo hilo ni Mfaransa aitwaye Adolphe Kégresse, aliyelisajili mwaka 1939. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa magari ya Nikolai wa Pili, mfalme wa mwisho wa Urusi, na alimbunia magari yenye mikanda nyuma badala ya magurudumu ili yapite kwenye theluji. Baadaye kampuni ya Citroën ilitumia magari ya namna hiyo kuvuka Sahara, kutoka Touggourt hadi Timbuktu, kati ya Desemba 1922 na Januari 1923. Niliyasoma haya nikipuliza vumbi kwenye vitufe vya kompyuta, nikacheka peke yangu. Kumbe aliyetaka kutupunguzia pedali alikuwa ameshaujua mchanga.

Wazo lake lilikaa miaka mingi kabla ya kufanya kazi sawasawa. Porsche walilijaribu kwenye magari ya mashindano, 956 na 962, katika miaka ya 1980. Mwaka 2003 Volkswagen wakaliweka kwenye Golf R32 ya kuuzia watu. Nissan GT-R ya 2007 ikaja nalo. Ferrari wakatoa 458 Italia mwaka 2009 bila hata kumpa mnunuzi nafasi ya kuchagua manyuali.

Na usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Zile Golf GTI zinazopasua usingizi wa watu Thika Road, nyingi ni klachi mbili. Hata Honda Vezel ya haibridi, ile ya toleo la kwanza ambayo pengine mwalimu wako mkuu anaendea kanisani, ni klachi mbili pia. Yeye anajua ni "auto", basi.

Kisha kuna waumini wa manyuali. Mwaka 2013 Porsche walitoa 911 GT3 yenye klachi mbili pekee, na mashabiki wakalalamika kana kwamba wameibiwa. Mwaka 2016 kampuni ikatengeneza 911 R yenye manyuali pekee, magari 991 tu, na watu wakayagombania. Mwaka uliofuata GT3 yenyewe ikarudishiwa manyuali kwa atakayeitaka. Ni ya polepole zaidi, na wanunuzi walilijua hilo. Walichotaka ni kuhisi.

Hapo ndipo nilipoona makala yangu. Nikaandika aya nzima, tamu kweli, kuhusu mguu wa kushoto na mkono wa kushoto vikiongea, kuhusu dereva anayejua injini inataka nini kwa kuisikiliza tu. Nikaandika kwamba manyuali ni gari kwa watu wanaopenda gari. Nikawataja Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano, wote kwa klachi ya mguu. Nilijisikia fundi.

*

Abti alinikuta nikiisoma kwa sauti.

Abti kwa Kisomali ni mjomba, kaka ya mama. Utamu wa neno hili ni kwamba linarudi: mimi namwita abti, na yeye ananiita abti. Kwa hiyo mazungumzo yetu, kwa asiyejua, ni kama ya mtu na mwangwi wake.

Abti ana Land Cruiser ya bodi wazi, ile ya pua ndefu, injini ya dizeli ya lita 4.2 ambayo Toyota waliipa jina la 1HZ. Gia tano na rivasi. Kwa miaka zaidi ya ishirini amebeba nayo watu, unga, sukari, mitungi ya maziwa ya ngamia, mbuzi na wagonjwa, Bute hadi Moyale na kurudi. Gari hilo lilimsomesha mama yangu ushonaji. Lilinisomesha mimi kuanzia darasa la nne.

Akaniuliza nasoma nini. Nikamtafsiria ile aya. Alisikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye ngazi, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama kitu ambacho si chake.

"Huyu mtu wa Porsche," akasema, "analipwa kuendesha, ama analipa?"

"Analipa, abti."

"Haya. Na hiyo gari nyingine, ya klachi mbili. Mguu wa kushoto unafanya nini?"

"Haufanyi chochote. Unakaa tu."

Akanyamaza. Alikuwa akilisugua goti.

"Haufanyi chochote," akarudia polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na hajaamini. "Wallahi hiyo ndio gari."

Goti lake lilikuwa limeanza kuharibika miaka miwili nyuma. Asubuhi lilikataa kukunjika, jioni lilivimba. Daktari wa zahanati alimwambia ni gegedu imekwisha, na kwamba kwa umri wake ni kawaida. Daktari hakusema ni klachi. Anayesema ni klachi ni abti mwenyewe. Goti la kulia, lile la mafuta na breki, ni zima kabisa, anasema, na magoti yote mawili yamezaliwa siku moja.

Nilirudi kwenye kompyuta nikaiangalia aya yangu. Ilikuwa bado tamu. Niliifuta nusu, nikairudisha, nikalala.

*

Wiki hiyohiyo akaamua kunifundisha. Hakuniuliza. Alisema mguu unakufa na gari halitajiendesha, na mimi nipo tu na kompyuta. Nilikuwa na leseni ya muda ya NTSA niliyoikata Nairobi siku za chuo, nikipanga kufanya mtihani wa otomatiki. Nilipomweleza kwamba ukifaulu kwa otomatiki unapewa daraja la B1 na huruhusiwi manyuali, alicheka mpaka akakohoa. "Yaani serikali inakuandikia kwenye karatasi kwamba hujui."

Tulichonga L mbili kwenye kadibodi ya sabuni, tukazifunga mbele na nyuma, tukaenda laga iliyo nje ya mji.

Kwa msomaji wa Nairobi: laga ni mto usio na maji. Mvua ikinyesha vilimani upande wa Ethiopia unaweza kujaa usiku mmoja na kubeba lori. Siku nyingine zote ni mchanga laini unaomeza magurudumu. Huko ndiko abti aliona panafaa kwa somo la kwanza, kwa hoja kwamba ukijua laga, lami ni kitanda.

Nilizima gari mara kumi na moja. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walikuwa wakihesabu.

"Usiangalie mguu," abti alisema. "Mguu hauna macho. Sikiliza injini. Ikilia, mpe nafasi. Ikinyamaza, mwongeze."

Mambo niliyokuwa nimeyaandika kwa ufasaha yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia. Kuna mahali fulani kwenye klachi ambapo gari linaanza kutetemeka kidogo na pua inainuka. Madereva wanakujua. Hakuna alama. Kila gari lina pake, na klachi ikizeeka panahama. Siku ya tatu mguu wangu ulipapata, ukapapoteza, ukapapata tena.

Nilijifunza kupunguza upepo kwenye matairi kabla ya kuingia mchangani. Nilijifunza kuchagua gia kabla ya kufika kwenye laga, kamwe si ndani yake, kwa sababu lile pengo la kubadilisha gia, sekunde moja ambayo magurudumu hayana nguvu, ndilo mchanga unalolisubiri. Unakanyaga klachi, mwendo unakufa, umekwama.

Nilimwambia abti kwamba kwa hesabu, klachi mbili ingefaa sana hapa, maana haina pengo. Alilifikiria kwa heshima. Kisha akaniuliza maswali yake. Je, ikipata joto kwa kuvutana na mchanga nusu saa? Nilijua jibu: klachi hizo zikisuguana muda mrefu kwa mwendo wa konokono zinapata moto, na kompyuta huweza kuzizuia ili zisiungue. Betri ikifa, wanaume wanne wakasukuma, itawaka? Haiwaki. Ikiharibika katikati ya njia, fundi wa Moyale ataifungua kwa spana gani? Nikanyamaza.

"Basi ni gari nzuri," akasema, "lakini ya mahali ambapo mtu akiharibikiwa anapiga simu."

Alilisema bila kejeli. Alikuwa bado analisugua goti.

*

Jioni moja tulikuwa tunatoka Moyale na mzigo wa unga na sukari, hatuna abiria. Abti aliendesha mpaka goti likamkatalia kabisa. Alisimamisha gari, akashuka kwa kushikilia mlango, akazunguka mbele ya taa akiburuta mguu. Sikuwahi kumwona akitembea vile. Nikasogea kwenye usukani.

Tulienda kama saa moja. Nilikuwa naendesha vizuri, na kwa sababu hiyo nadhani ndipo akauliza.

"Chuo kinafunguliwa lini?"

Nyumbani walijua chuo kiko kwenye likizo ndefu. Kwa chuo cha umma, wahadhiri wakigoma kila mara, watu huamini. Swali hilo nilikuwa nimeshaulizwa mara nyingi na jibu langu lilikuwa "karibuni, inshallah". Lakini tulikuwa tunakaribia laga, na kichwa changu kilikuwa na kazi moja tu ya kufanya, kuchagua gia mapema. Nikakanyaga breki, nikasahau klachi. Gari likatetemeka lote, likazima. Taa zikabaki zikiangaza mchanga.

"Sirudi, abti," nikasema.

Hakusema kitu.

"Niliacha. Mwaka wa tatu."

"Lini?"

"Februari, mwaka jana."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikisogea.

"Nilituma pesa Machi."

Alituma shilingi 38,000, kwa M-Pesa, Jumanne. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimelala saa sita mchana wakati ujumbe ulipoingia. Ningependa kukupa hadithi inayosikitisha: kwamba nilifukuzwa, kwamba karo ilipanda, kwamba kuna mhadhiri alinionea. Hakuna. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, nimefeli masomo manne, na nilikuwa nimeacha kwenda darasani kidogo kidogo, leo moja, kesho mbili, mpaka siku moja nikagundua kwamba sijui ratiba. Zile pesa nilizikalia wiki nzima. Kisha nikaenda mjini.

"Nilinunua kompyuta," nikasema.

Abti akaangalia nje, upande wake, ambako hakukuwa na kitu ila giza na vichaka vya mikwaju. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane.

"Washa," akasema.

Nikawasha na gia ikiwa bado ndani. Gari likaruka.

"Toa gia kwanza."

Nikatoa.

"Klachi. Namba moja. Sasa achilia. Pole. Pole, nimesema."

Tukatoka. Na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu mpaka Bute: moja, mbili, sasa tatu, rudi mbili, hapo kuna jiwe. Hakuniita abti hata mara moja. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nililolifanya. Neno lile huwa linarudi, na usiku ule nililitupa likabaki lilipoangukia.

*

Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akaja kwenye ngazi ya duka, akakaa kwa shida, akanyoosha mguu.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha makala, ambayo nilitakiwa kuituma usiku huo. Niliomba siku za kuongeza, na mteja alikubali kwa neno moja. Akaniuliza nitalipwa ngapi. Nikamwambia dola 30, kama shilingi 3,800.

"Kwa siku ngapi?"

"Nne. Safari hii nane."

"Na mafuta?"

"Hakuna mafuta."

"Na goti?"

"Hakuna."

Aliitazama kompyuta kwa muda, si kwa hasira, bali jinsi anavyotazama gari la mtu kabla ya kutaja bei. Ilikuwa imepasuka pembeni na vitufe viwili havikuwa na herufi.

"Basi utanilipa," akasema. "Kidogo kidogo. Na mama yako utamwambia wewe. Mimi simwambii."

Kisha akasimama, akaondoka. Hatua tatu mbele akageuka.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri, abti. Tunabeba maziwa."

Usiku ule niliiandika upya ile aya. Niliacha Porsche na GT3 na yale magari 991, kwa sababu ni mambo ya kweli na wanaoyapenda hawana kosa. Kuhusu kasi, sikuwa na la kubishania: klachi mbili inashinda, na imeshinda kwa muda mrefu. Kuhusu raha, niliandika kwamba manyuali ni raha kwa mtu anayeweza kushuka wakati wowote mguu ukianza kuuma. Mteja aliwakata Joginder Singh na Shekhar Mehta. Wasomaji wake hawawajui. Sentensi ya mguu aliiacha.

Malipo yalipoingia nilimtumia abti 2,000. Zilikuwa zimebaki 36,000. Mama nilimwambia Ijumaa, baada ya chakula, na hayo ni yake na yangu.

Mwezi uliofuata nilimpeleka abti hospitali ya Moyale kupigwa picha ya goti. L za kadibodi zilikuwa bado mbele na nyuma, zimepauka kwa jua. Niliendesha mimi njia yote. Yeye alikaa upande wa abiria akijifanya anaangalia ngamia, lakini kila nilipotaka kubadilisha gia, kabla hata sijaikanyaga klachi, nilisikia sandali yake ya kushoto ikibonyeza sakafu.